Unakwenda Muscat kuwaona ndugu? Panga watu kwanza, tiketi baadae

Watu wakisikia nimekwenda Oman wananiuliza tiketi bei gani na viza siku ngapi, na mie nawajibu vizuri tu lakini moyoni nasema hayo ndo mepesi kuliko yote. Tiketi unakata, viza unaomba, ndege ya moja kwa moja kutoka Unguja masaa matano hivi ushafika. Kazi iko kwa ndugu. Una mama mkubwa Seeb, una ami Ibra, watoto wa shangazi wametapakaa Al Khoud na Mabela, rafiki ulosoma nae skuli yuko Sohar, wewe una wiki mbili, na kila mmoja wao anaamini umekuja kwa ajili yake. Mie mara ya kwanza nilikwenda na mama yangu nikaharibu, mara ya pili nikaenda na akili kidogo, kwa hiyo mengi ya haya nimeyajua kwa kuumia.

Daftari

Kabla hujagusa tiketi, kaa na mtu mzima wenu alobaki huku, bibi, mama, mjomba, yoyote anaejua, nunua daftari na muandikishe. Nani mtoto wa nani, nani kamuoa nani, nani alikwenda mwaka gani. Wengi wetu ndugu zetu waliondoka kwa mafungu, wako walokwenda 1964 baada ya Mapinduzi, tena wengine hata hawakwenda Oman moja kwa moja, walipita kwengine kwanza, halafu wako walokwenda baada ya 1970 alipoingia Sultan Qaboos na akawaita watu warudi kuijenga nchi. Ukijua mtu kaondoka fungu lipi unajua na nini anakumbuka na nini hapendi kuulizwa.

Kitu kikubwa kwenye daftari ni kabila. Huku kwetu tunakwenda na majina matatu, lako, la baba, la babu, basi. Kule mtu anajulikana kwa kabila lake, ndo liko kwenye kitambulisho na ndo watu wanalomuitia, sasa ukenda ukamuulizia Salum Ali Salum utaletewa mia. Jua kabila lenu linaandikwaje kwa Kiarabu na jua mji wa asili, maana nyumba nyingi za Unguja asili yao Sharqiya, upande wa Ibra na Mudhaibi, nyengine Nizwa na upande wa Bahla. Ukitaja kabila na mji tu mtu atakwambia ngoja, na katika dakika kumi ushapigiwa simu na watu watatu wanaosema ni binamu zako, na wawili katika hao ni kweli.

Halafu pembeni ya kila jina weka alama tatu: umri, nani mgonjwa, na nani kafiwa tangu mlipoonana mwisho. Na ya nne andika kwa penseli ufute baadae, nani hasemi na nani. Usicheke, hii itakuokoa. Mie nilikwenda nikampa shangazi mmoja salamu za dada yake kwa bashasha zote, kumbe wana miaka tisa hawasemi kwa ajili ya arusi, sebule nzima ikanyamaza, nikabaki natafuna tende.

Lini uende

Novemba mpaka Februari hali ya hewa nzuri, jioni hata unataka shali. Juni mpaka Agosti joto linapita digrii 40 na mtu mzima anaetoka kwenye upepo wa bahari wa Unguja utamuua. Lakini sababu yangu kubwa ya kukwambia usiende msimu huo sio joto, ni kwamba hutowakuta. Skuli zimefungwa, wenye uwezo wameondoka, wengine wako Salalah kwenye kharifu, ile mvua nyepesi ya Dhofar ya Juni mpaka Septemba, na nusu yao wako wapi? Wako Unguja, wamekuja kukutafuta wewe.

Sikukuu ina faida na hasara. Faida ni kwamba watu wa Muscat wanarudi kwenye miji yao ya asili kama watu wa bara wanavyokwenda kwao Krismasi, kwa hiyo ukifika Ibra siku ya pili ya Idi utawakuta wote uani wanasubiri shuwa, nyama inayofukiwa kwenye shimo la moto ikalala humo siku nzima au mbili, siielezi zaidi ntapata njaa. Hasara ni kwamba hutokaa na mtu mmoja mukazungumza, wote wanakuona na hakuna alokuona. Wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi tangu 2013, zamani ilikuwa Alkhamisi na Ijumaa, kwa hiyo waajiriwa wapangie siku hizo na wazee wasiofanya kazi waachie siku za katikati ya wiki. Ukipanga kinyume utazunguka mji mzima unakuta madada wa kazi tu.

Makaratasi, upesi upesi

Pasi iwe imebaki miezi sita au zaidi. Viza inaombwa mtandaoni kwenye tovuti ya Royal Oman Police, au ndugu alioko kule anakuombea yeye, masharti yanabadilika kila mara kwa hiyo kasome huko huko usisome kwenye grupu la WhatsApp la familia. Cheti cha homa ya manjano beba, na kama hujachanjwa chanja mapema kwa sababu kinaanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano, ila ukishachanjwa basi, tangu 2016 ni cha maisha. Kama unasafiri na mzee mwambie aliekukatia tiketi mapema kwamba mnataka kiti cha magurudumu, hakilipiwi, na mzee atakataa atasema yeye si kiwete, wewe muombee tu, akiona ule uwanja wa Muscat ulivyo mrefu na zile ngazi za umeme atakaa mwenyewe.

Dawa za sukari na presha zikae mkobani sio kwenye begi la chini, na cheti cha daktari. Dawa kali za maumivu, tramadol na vitu vyenye kodeini, usibebe kiholela, kule zinadhibitiwa.

Sasa saa. Hapa ndo nilipoharibu. Tiketi yetu imeandikwa Ijumaa 01:15. Mama kaambiwa Ijumaa usiku, kwa hesabu za kizee usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, akafunga begi Alkhamisi baada ya magharibi akakaa na baibui lake sebuleni. Mie msomi nikamwambia mama we lala, safari kesho. Kesho yake tumefika uwanjani na ndugu kumi wa kusindikiza, kijana wa kaunta katizama karatasi kanitizama mie, akasema dada ndege yenu imeondoka jana usiku. Nimelipa faini ya kubadilisha, na mama mpaka leo akitaka kunishinda kwenye jambo lolote anasema "Ijumaa usiku" basi nanyamaza. Kwa hiyo ukiona 00 au 01 kwenye tiketi hesabu saa sita na saa saba usiku wa kuamkia tarehe hiyo, na unakwenda uwanjani siku ya kabla. Na ukifika kule wao wako mbele yetu saa moja, halafu ukipanga miadi na vijana waliozaliwa kule uliza saa mbili ya wapi, maana bibi yao saa mbili yake ni ya Kiswahili na wao saa mbili yao ni mchana baada ya adhuhuri.

Mizigo, yako na ya watu

Ikijulikana unakwenda, mtaa mzima utakuja. Huyu ana kifurushi cha dada yake, huyu papa mkavu kilo mbili, huyu dawa za miti shamba kwenye chupa ya soda. Weka sheria moja na uitangaze mapema: hubebi kitu ambacho hujakifungua mwenyewe mbele ya alokileta, na chochote cha kupikwa, cha kusagwa au cha kumiminwa ambacho hukijui hukipokei, hata akiwa ni mke wa ami. Adhabu za madawa ya kulevya kule ni nzito mno na ukikamatwa na kifurushi hakuna wa kumwambia "sikujua nimepewa tu". Mirungi ndo usithubutu hata kuitaja. Watu watanuna. Wanune, wakirudi kununua bidhaa sokoni watakusahau.

Lako wewe sasa, usihangaike kununua vitu vya dukani, kule maduka yamejaa na kila kitu kipo. Wanachokitaka hakiuzwi kwenye mol. Karafuu, pilipili manga, mdalasini na hiliki za shamba. Visheti na vileja vilopikwa nyumbani. Achari ya ndimu, ifunge kwa nailoni tatu. Ubuyu mwekundu kwa watoto. Khanga, kwa mama wakubwa, na uchague jina la khanga kwa makini kwa sababu wale wanasoma, usimpelekee shangazi khanga ya mafumbo ikaleta vita. Na kwa wanaume hakuna zawadi inayoshinda kofia ya viua ilioshonwa kwa mkono Unguja au Pemba, wao wanaiita kumma, ni vazi lao la kila siku na wanajua kabisa kutofautisha ya mkono na ya mashine, mpe ami kofia moja ya mkono na utaona atakavyoitoa na kuigeuza juani.

Na kitu kisichokuwa na kilo hata moja: vidio. Wiki moja kabla ya safari zunguka na simu, piga picha ya nyumba alozaliwa mama mkubwa, mtaa, msikiti wa mtaa, skuli yake, Darajani, Forodhani, mwembe ukiwa bado upo. Usiseme sana kwenye vidio, tembea tu polepole wasikie na kelele za vespa na muuza kahawa. Mama mkubwa wangu ameitizama vidio ya uchochoro wao mara kumi na moja, nimehesabu, ile ya kumi na moja ndo akaona kwamba mlango umebadilishwa rangi. Jitayarishe na maswali pia, watakuuliza Beit el Ajaib, lile jumba la Forodhani, na itabidi umwambie mtu wa miaka themanini kwamba upande mmoja ulianguka tarehe 25 Disemba 2020, sasa usimwambie kwa kumuonesha picha ya kifusi ghafla, mwambie kwa mdomo kwanza.

Nyumba ya kwanza ni ipi

Hapa ndo familia zinapovunjika. Utapokewa uwanjani na alie na gari kubwa, atataka kukupeleka kwake. Mshukuru, panda gari, lakini umwambie njia ipitie kwa mkubwa wa umri kwanza, na kama ni saa tisa usiku na mzee kalala, kapige hodi kesho yake alfajiri kabla hujaingia nyumba nyengine yoyote. Mara yangu ya kwanza nilifikia kwa binamu mwenye nyumba nzuri Al Mouj, nikaja kwenda kwa mama mkubwa siku ya tatu, hakunisema, kanipikia, kanikumbatia, ila alipokuwa ananiwekea wali akasema, "Nilisikia umefika." Maneno mawili matatu tu hayo. Bora angenipiga.

Baada ya mkubwa wa umri wanafuata wagonjwa, halafu nyumba zilizofiwa. Hii ya kufiwa watu wanaisahau sana. Kama mara ya mwisho kuonana nao ni miaka kumi basi kuna watu wamekufa hukuwahi kuhani, ulituma sauti ya WhatsApp tu. Nenda ukahani, hata kama ni miaka sita imepita, kaa nusu saa, soma Fatiha, muulize mfiwa alikufaje na mwache aeleze yote. Ukitaka kuzuru kaburi omba mtu akupeleke, makaburi mengi kule ni mawe tu hayana jina, peke yako huwezi kujua yupi ni yupi.

Wengine wote walobaki, wala usizunguke nyumba moja moja, utakufa kwa biriani. Muombe binamu mmoja awakusanye jioni moja pahala pamoja, ufukweni Seeb au kwenye bustani ya Qurum, kila mtu na bakuli lake, watoto wacheze, mumalize. Nyumba tatu kwa siku ndo mwisho. Kila nyumba kuna kahawa na tende na matunda kwanza, halafu chakula, na hukatai, ila kikombe cha kahawa ukishatosheka kitikise kidogo unaporudisha, usipokitikisa anaemimina atamimina mpaka asubuhi, mama yangu alikunywa vikombe saba kwa adabu usiku ule hakulala.

Wanaume na wanawake mara nyingi wanakaa mbali mbali, kwa hiyo kama unakwenda na mumeo mpe na yeye daftari, asije akakaa sebuleni kwa wanaume masaa mawili bila kujua yule anaezungumza nae ni ami yako khasa au jirani tu. Shikamoo inafanya kazi vizuri kwa wazee, tena wanaipenda mno kwa sababu wajukuu wao hawaisemi.

Kukaa kwenye nyumba ya watu

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe hakuna, ila jiko lipo. Siku ya tatu ingia jikoni upike kitu cha kwetu, urojo, mkate wa kumimina, pweza wa nazi kama mmepata, utaona nyumba inavyobadilika, wazee wanakuja kukaa jikoni wenyewe. Na jikoni hapo mara nyingi utamkuta dada wa kazi, na mara nyengine ni msichana wa kwetu, wa Tanga au wa Uganda, anakusikia unavyosema Kiswahili cha nyumbani na macho yanamng'aa. Msalimie kwa jina, muulize kwao wapi, mpe khanga moja katika zako, na akikuomba umpelekee mama yake sauti au pesa kidogo ukirudi usijifanye uko bize.

Pesa jiangalie. Riali moja ni kama dola 2.6, ina baisa 1,000, unaweza ukadhani umenunua maji kwa bei rahisi kwa sababu namba ni ndogo, hesabu tena. Kulipia chakula hawatokuwacha, usigombane nao dukani, nunua matunda upeleke nyumbani kimya kimya. Na shida zako za huku, ada, paa linalovuja, kesi ya kiwanja, zisitoke mdomoni wiki ya kwanza. Wao wanajua kila mgeni kutoka nyumbani ana karatasi mfukoni na wanaisubiri itoke, na wengi wao riali wanazokopa benki ni nyingi kuliko unavyodhani, zile gari zote si zao bado.

Habari za siasa na za nyumba zilizochukuliwa usianze wewe. Mzee akianza mwenyewe, sikiliza, usimkatize, usimsahihishe tarehe. Hapo omba ruhusa uweke simu mezani irekodi, useme ni kwa ajili ya watoto. Anza kwa kumuuliza kitu kidogo, sio "nielezee Mapinduzi", muulize muuza maziwa wa mtaani kwao alikuwa nani, au arusi ya nani ilikuwa kubwa. Mie kwa swali la muuza maziwa nimepata dakika hamsini, na ndani yake ndo mama alikosikia kwa mara ya kwanza kwamba baba yao aliwahi kurudi Unguja kwa siri usiku mmoja, akaingia nyumbani wao wamelala akaondoka. Mama ana miaka 71. Alikuwa hajui. Baadae usiku huo wamelala kitanda kimoja yeye na dada yake na nimewasikia wakicheka mpaka saa tisa.

Rafiki

Rafiki wa zamani mpe siku yake peke yake, usimuingize kwenye ratiba ya ndugu mkaonana sebuleni kwa watu mbele ya watoto kumi. Mie na wangu tulikaa dawati moja miaka saba, hatujaonana miaka kumi na nne, tumekutana Mutrah tukapita sokoni bila kununua kitu, halafu tukakaa kwenye ukuta wa bahari. Nusu saa ya kwanza ilikuwa ngumu, ntasema kweli, tumeulizana watoto wangapi na kazi gani kama watu wanaojaza fomu. Kilichotutoa ni jina la mwalimu wa hesabu, akaigiza sauti yake, basi hapo tukarudi kuwa wale wale. Kwa hiyo nenda na kitu mkononi, picha ya darasa, jina la utani, chochote, na usitoe simu kupiga selfi mpaka mushacheka kwanza.

Kurudi

Siku mbili za mwisho usiweke kitu, ni za kuaga, na kuaga kule ni ziara nzima upya, kahawa upya, na kila nyumba inakupa kitu. Njoo na begi moja tupu ndani ya begi jengine. Utapewa tende, lubani ya Dhofar, mafuta mazuri, na halwa, bakuli kwa bakuli. Pima nyumbani kwao usiku wa kabla, kila nyumba ya Kizanzibari kule ina mzani mdogo wa kuning'iniza kwa sababu wamezoea wageni wetu. Lubani na tende unaweza kuweka popote, lakini halwa iweke kwenye begi la chini. Mie nimeweka bakuli la mama mkubwa mkobani, kwenye ukaguzi wakaniambia hii inateleza hii ni majimaji, nimesimama pembeni na mama yangu na kijiko cha plastiki tumekula tulichoweza, na tukamgaia na bwana wa nyuma yetu kwenye foleni.